Unga Chini ya Visanduku

Nilidhani mtu amemwaga unga. Ulikuwa kwenye meza ya kazi, chini ya visanduku tulivyokuwa tumevimaliza, vichuguu vidogo vyeupe. Nikafuta kwa kitambaa. Asubuhi yake vikawa vimerudi, palepale.

Mimi na mwanangu tunatengeneza visanduku vya mninga, vya kuwekea hereni, rozari, vitu vidogo vya mtu. Tunanunua mabaki kwa mafundi wa vitanda kule Kanyenye, tunachagua yale yenye mawimbi, yatokayo pale tawi lilipojitenga na shina. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mkali kwenye jambo moja: ule weupe wa nje, ulio chini ya gome, unachongwa wote mpaka ufike kwenye wekundu. Hata kama kisanduku kitapungua. Hakueleza sababu, na mimi sikuuliza, nilichonga.

Mwanangu anauacha. Anapitisha mstari mweupe katikati ya kifuniko, na kweli unapendeza, wateja wanaugombania. Mbao zake anazikausha juu ya boriti za chumba anacholala na mkewe, kwa sababu chini ya bati kuna joto. Zimekaa huko tangu walipooana.

Mkwe wangu alikuwa Nzega kwa mama yake, amekwenda kujifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa arudi Jumamosi.

Nikausugua ule unga kwa vidole. Haukuwa unga wa kula. Nikageuza kisanduku kimoja, nikaona kwenye mstari mweupe matundu kama ya sindano.

Nilikuwa mke kijana dumuzi walipoingia kwetu. Mahindi yaligeuka unga yenyewe, ndani ya kihenge, bila kinu. Siku moja mama mkwe wangu aliegemea nguzo ya kihenge na nguzo ikaenda naye chini. Sisemi kwamba ni wadudu walewale. Nasema niliingia chumbani kwao na kisanduku mkononi, nikazitazama boriti.

"Ni vumbi la msasa hilo, mama," mwanangu akaniambia.

"Jana Jumapili. Msasa wako unafanya kazi siku ya misa?"

Akacheka. "Boriti hizi kaziweka baba mwenyewe."

"Baba yako amelala makaburini. Mimi nakuuliza habari za boriti."

"Zimeshikilia miaka yote hiyo, leo ndiyo zianguke?"

Hakutaka kupanda. Nilimjua. Mwanamume amekwishapaka chumba rangi, amefunga chandarua kipya, anamngoja mwanawe. Hataki kuambiwa kitu. Upande wa Igunga mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri, na upepo wa kwanza wa masika kwetu hauji kwa adabu, unaanza na mabati.

Basi nikampigia mkwe wangu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Mzima. Ananyonya kama ana hasira na mimi."

"Mwache anyonye. Jumamosi usije."

Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nyumba haijawa tayari."

"Mbona mwenzangu kaniambia iko tayari, hata rangi kapaka?"

"Kaa huko mpaka nikuite," nikasema, nikakata. Sina maneno mengi kwenye simu. Najua alilia. Kumwambia mzazi asirudi kwake na mtoto mchanga si jambo dogo, na mwanangu alipojua hakula chakula changu jioni ile.

Kesho yake akachukua ngazi na bisibisi, kwa hasira, anionyeshe. Akaiegemeza ngazi kando ya kitanda chao, akapanda. Akagonga boriti ya kati, ikatoa sauti ya kibuyu. Akaweka ncha ya bisibisi, akasukuma kidogo tu. Chuma chote kikazama mpaka kwenye mpini. Unga ukamwagika juu ya chandarua kipya.

Akashuka taratibu. Akaanza kutoa kitanda nje, nami nikashika upande wa pili. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya reli.

Nikampigia tena mkwe wangu, nikamweleza yote, asije akadhani namfukuza. Akapumua.

"Mama, na kile kisanduku alichonipa nije nacho, cha shanga za mtoto?"

Hicho sikuwa nakijua. "Kina mstari mweupe?"

"Ndiyo, kizuri sana."

"Umekiweka wapi?"

"Nilikiweka juu tangu nilipofika, kwenye boriti, wadogo zangu wasikichezee. Chumba hiki hiki tunacholala, penye magunia ya mahindi."

"Kakishushe."

Nikasikia akiburuta kiti. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na godoro mikononi, ananitazama. Kisha nikasikia kiti kikilia, amepanda.

"Mama," akasema, "huku juu kuna unga."