Simu yangu imetangulia Msumbiji

Leo simu yangu imesafiri nje ya nchi. Mimi nimebaki.

Jana nililala kwa shangazi, kijijini kando ya mto Ruvuma. Leo saa tatu asubuhi nilitakiwa Mtwara mjini, kuchukuliwa alama za vidole za pasipoti. Pasipoti hiyo naiota tangu utotoni, nikikaa ukingoni kuitazama Msumbiji ng'ambo.

Gari la mjini ni moja tu. Linatoka saa kumi na mbili.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Simu inasema saa tisa na nusu.

Nikasema leo muadhini kakosea. Nikalala tena. (Msicheke bado.)

Kengele ya simu ilipolia saa kumi na moja, nje jua limeshatoka.

Nikaona jua nalo limewahi.

Kituoni nikakuta vumbi la gari.

Ndipo nikasoma ujumbe ulioingia usiku: "Karibu Msumbiji." Simu ilinasa mtandao wa ng'ambo, ikafuata saa za kwao, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa nzima.

Nikarudi kumweleza shangazi. Alikuwa anamenya mihogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, huko ilikokwenda imekuletea zawadi gani?"