Daraja la Wasichana wa Kakuma

Juzi nilikuwa jaji mkuu wa mashindano ya uhandisi ya shule za upili hapa Lodwar. Kila shule ilileta daraja dogo la mbao, tupime litabeba mzigo gani.

Sisi wanaume wa Kiturkana hutembea na kigoda, ekicholong, na changu nilikuwa nimekisahau nyumbani. Nikaona kingine kando ya meza, nikakikalia bila kuuliza, na unene wangu huu wa kutosha watu wawili.

Madaraja yakavunjika moja baada ya jingine, mengine kwa tofali moja tu. Wasichana wa Kakuma wakasimama mikono mitupu. Nikawafokea kwa maikrofoni kuhusu uvivu, kisha nikawaondoa mashindanoni.

“Mwalimu,” kiongozi wao akasema kwa heshima, “daraja yetu iko. Tunangoja tu usimame.”