Sutayta, Aliyemnyonyesha Sultani

Sutayta alikuwa mjane wa mchota maji wa Bulaq, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya Nili akageuka. Walimpandisha ngomeni Kairo amnyonyeshe Hamza, mwana wa sultani, aliyefiwa na mama siku aliyozaliwa. Sultani naye alipokufa, Hamza alikuwa na miaka minne. Jioni hiyohiyo maamiri wakampokonya Sutayta mtoto mapajani, wakamvika kilemba cheusi cha usultani kilichomfunika hadi macho.

"Mwanangu hajala," Sutayta alisema.

"Si mwanao tena, ni bwana wako," akajibu Amiri Aqtuwan, aliyejifanya mlezi.

Bwana gani asiyejua kufunga suruali yake? Alikalishwa barazani, Aqtuwan akimshika mkono atie sahihi: huyu afungwe, yule anyongwe. Akirudi chumbani huuliza, "Mama, leo nimefanya vizuri?" Sutayta alimwosha wino vidoleni. Sokoni wajane wa walionyongwa walimlaani Hamza. Aqtuwan hakutajwa na mtu.

Mwaka haukuisha, Amiri Qashtam akampindua Aqtuwan. Sasa alikitaka kiti chenyewe, ila alihitaji kisingizio cha sheria. Akamwita Sutayta mbele ya kadhi.

"Bi Sutayta," alisema kwa sauti laini, "wewe ndiye uliyemlea. Shuhudia kwamba ni punguani, nasi tutakutunza mpaka uzeeni."

"Punguani?" Sutayta alicheka kicheko kikavu. "Siku ile mlipombusu mkono na kumlia kiapo, akili alikuwa nazo? Kama alikuwa nazo, zimekwenda wapi? Na kama hakuwa nazo, punguani nani, yeye au nyinyi?"

Kadhi akatazama zulia. "Nyamaza, mama."

"Sinyamazi, sheikh! Mmemtwisha mtoto damu za watu, na sasa mnataka nami nimtemee mate? Maziwa yangu sikuyatoa kwa ajili hiyo!"

Wakamburuta nje. Shahidi mwingine akapatikana, maana hao hawakosekani, na kabla ya adhuhuri Hamza alikuwa ameuzuliwa. Akapelekwa gerezani Iskandaria.

Sutayta akauza vikuku vyake, akamfuata kwa mashua ya ngano. Walinzi walipomfukuza, aliketi mlangoni akiliita jina la mtoto, kutwa kucha, hata wapita njia wakaanza kuuliza maswali. Mkuu wa gereza akaona heri amfungulie. Akaingia kwa hiari yake, akakaa na Hamza humo mpaka tauni ilipomchukua mtoto, hajatimiza miaka saba.

Qashtam, sasa sultani, alituma sanda ya hariri.

"Mrudishie," Sutayta alimwambia mjumbe. "Mwambie ajiwekee, naye ana siku yake."

Akamzika Hamza kwa sanda ya pamba. Na kila aliyekuja kumpa pole akimwita Hamza marehemu sultani, alimkatiza.

"Alikuwa mtoto," alisema. "Semeni mtoto."