Chozi wa Kibanja cha Nyabiyonza

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu huko Nkwenda. Safari hii ya Nyabiyonza niliifunga kwa ajili ya ndege asiyejaa kiganjani. Dada yangu Kokushubira aliniletea ujumbe kwamba mumewe, Rwegasira, ameapa kuukata wigo wote wa nyumba, kwa kuwa ndege wadogo waitwao chozi waliojenga humo wanamtobolea ndizi. "Njoo upesi," alisema.

Alfajiri ya Jumamosi nikapanda baiskeli. Kwenye bonde la mafunjo nilimwona chozi dume: kichwa cha kijani kinachometa, kifua chekundu, mkia mrefu mwembamba. Jike kando yake alikuwa wa kahawia tu, kama aliyetoka jikoni. Nilisimama kuwatazama hadi wachunga ng'ombe wakaniuliza kama nimepotea.

Saa sita nikafika Nyabiyonza. Rwegasira alikuwa akinoa panga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuwatetea wezi?"

"Nimekuja kuwatazama. Nipe mchana huu tu."

"Mpe," dada akadakia. "Kiota kina makinda."

Rwegasira akaguna, lakini akaja nasi kibanjani, kwenye migomba yake.

Alasiri chozi jike mwenye kiota alikuja. Alining'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, akaingiza mdomo wake mwembamba uliopinda, akanywa utamu wa ndani. Ndizi hakuzigusa. Kisha akadonoa buibui majanini, akawapelekea makinda katika kiota kilichoning'inia wigoni kama kifuko cha nyasi. Akarudi, akachukua wengine.

"Mwizi gani huyu anayenifagilia shamba?" Rwegasira akanong'ona.

Hapo kundi la ndege wa kijivu, wenye vishungi, likatua kwenye mkungu ulioanza kuiva, likatoboa bila haya. Shemeji aliruka, akakimbia akipiga kelele, kofia ikamdondoka. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Kesho yake, baada ya ibada, walinifungia mkungu kwenye baiskeli, na Rwegasira akanisindikiza hadi barabarani.

"Mwalimu, usiwaambie wanafunzi wako kwamba nilitaka kumvunjia nyumba mama mwenye watoto."

Jumatatu niliwaambia yote. Niliwaambia pia kwamba mtu mzima, mwenye hasira zake, katika kibanja chake mwenyewe, alikubali kukaa kimya mchana ule amtazame mtuhumiwa kabla ya kumhukumu. Mimi mwalimu wao nilikuwa bado sijawahi kufanya hivyo darasani.