Mashine Iliyonisikia Mimi Tu

Mwanangu, umeniuliza uchukue mashine gani ya kurekodia mahojiano yako ya redio, na mimi badala ya kukujibu nimecheka. Usikasirike. Nimekumbuka siku niliyochagua ya kwangu, nikaichagua kama binti anayechagua viatu vya arusi.

Bosi wetu pale redioni aliweka mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, ina mkanda wa ngozi wa kutundika begani, kipaza sauti chake kinaning'inia kwenye waya, pamoja na visikilizio vya kuvaa masikioni. Nyingine ilikuwa ndogo, inang'aa, inaenea kiganjani, kila kitu kimo ndani. Tena hii ndogo ina akili, akasema: mtu akinyamaza inasimama yenyewe, akisema inaendelea, kaseti haipotei bure. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya siku hiyo, na ule mkanda niliuona utaniharibia bega. Nikainyakua ndogo kabla mwenzangu hajanyoosha mkono. Sikuiwasha hata mara moja. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini wakati ule nani katika mji wetu mzima wa Kamembe angeweza kuniambia kitu?

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa Nyakabuye, kwa Maman Mugisho. Mwanawe Mugisho alikuwa ameondoka nyumbani kwa hasira, kwa sababu mama, Mkristo mzaliwa wa Bukavu mwenye msimamo wake, alimkatalia kuoa Mariamu, binti Mwislamu wa huku kwetu. Akamwoa hivyo hivyo, wakahamia upande wa Uvira, hakuna aliyejua nyumba wala mtaa. Sasa mama alikuwa anakwenda Bukavu kupasuliwa tumbo, na alitaka mwanawe asikie sauti yake redioni, pengine kwa mara ya mwisho. Hilo ndilo nililokabidhiwa.

Alisema karibu saa nzima. Unawajua wamama wa kule: husema chini, kiganja karibu na mdomo, na kati ya neno na neno hunyamaza mpaka udhani amemaliza. Mimi niliitikia kwa heshima zote, "Eeh, Maman! Eeh!" Nilirudi Kamembe nimejaa furaha, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Yusufu, fundi wa redio pale sokoni, rafiki wa marehemu baba yangu, nimwonyeshe mashine yangu mpya.

Tukaisikiliza. Sauti safi ilikuwa moja tu, ya kwangu. "Eeh, Maman! Eeh!" Ya mama ilitoka vipande vipande. Kila alipoanza kusema kwa ule upole wake, mashine ilikuwa bado imelala, na ilipoamka neno lilikuwa limekwisha kupita. Mchagua nazi hupata koroma, wasema watu wa pwani. Mimi wa huku tusiko na minazi nilipata kaseti ya kelele zangu.

Mzee Yusufu akaizima.

"Zaina, mbele ya kuchukua hii mashini, uliijaribu?"

"Niliiona, Mzee."

"Uliiona! Muntu anachaguaka mashini ya sauti na macho? Ule mama anasemaka pole pole. Weye ulichagua mashini ya kusikia weye mwenyewe."

Nikamwambia si kitu, maneno yote nayakumbuka, nitayasoma mimi redioni. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Mutoto wake atarudi kwa kusikia sauti yako? Anakujua?" Akafuta mikono kwa kitambaa, akapoa kidogo. "Kesho atapita kwa daraja ya kwenda Bukavu. Umungojee kule, umuambie kweli. Kuona haya haiuaki muntu."

Mwenzangu aliniazima ile mashine kubwa, na alinicheka kwa muda mrefu, haki yake. Mzee Yusufu akanikalisha mpaka nikajua kuvaa vya masikioni kabla ya kubonyeza, kutazama mshale wa kupimia sauti unavyocheza, kusogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa mtu, na kurudisha kaseti niisikilize kabla ya kuaga. Usiku ule sikula.

Asubuhi nilimkuta Maman Mugisho kwenye mstari wa darajani, katikati ya wanawake wenye vikapu, binti yake amembebea godoro. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nikasema.

"Maman, unisamehe. Sauti yako haikuingia. Kosa ni langu."

"Yote?"

"Yote, Maman."

"Na miye nililia mule."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akatua kikapu chake. "Basi leta. Na ufanye mbio, mustari unatembea."

Nikamsogezea kipaza sauti karibu kabisa, maana malori yalikuwa yananguruma. "Mugisho, ni mama," akasema. "Minaenda kupasuliwa. Urudi nyumbani." Akanyamaza. Watu wa nyuma wakaanza kutusukuma, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzimia. Lakini masikioni nilimsikia anavuta pumzi, nikangoja. "Na Mariamu, umulete. Nitamupikia mwenyewe."

Nikarudisha kaseti, nikamvalisha vile vya masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Macho yakamtoka. "Sauti hii njo miye? Nimezeeka hivi!" Tukacheka sote watatu huku tunalia, naye akavuka. Mimi nikakaa chini pale pale pembeni ya barabara, nikaisikiliza kaseti tena.

Tukaitangaza Jumapili, pamoja na jina la hospitali. Kabla wiki haijaisha Mugisho na Mariamu walikuwa hospitalini, wamemkuta mama ametoka salama kwenye chumba cha kupasulia. Alhamdulillahi! Aliishi, akabeba wajukuu watatu mgongoni.

Mugisho alikuja ofisini kunishukuru. Nikamwambia amshukuru mama yake, maneno ni yake.

"Hapana, dada," akasema. "Maneno ya kuniita nilisikiaka mingi, batu tulikutanaka nabo ku soko baliniletea. Ni pale alinyamaza. Tukisema juu ya Mariamu, mama hajanyamazaka mbele yangu hata siku moja. Nilijua anatafuta nguvu ya kutaja jina ya muke wangu."

Basi, mwanangu, chagua kwa masikio. Kabla ya kuichukua, ipeleke mahali penye upepo na malori, na umpe mtu anayesema chini aijaribu, si wewe mwenye mdomo wa soko. Ichukue ile inayokuruhusu kusikia inachosikia, na inayokula betri zinazopatikana hata katika kiduka cha kijijini Gikundamvura. Kama ina akili ya kujizima yenyewe, izime akili hiyo kabla hujabisha hodi, maana anayekupa sauti yake hanyamazi bure. Na ukikosea, kamwambie mwenyewe mapema, angali njiani.

Mungu akujalie subira ya kungoja pumzi ya mtu. Kila atakayekukabidhi sauti yake, uifikishe nzima kwa aliyekusudiwa, na wewe usipungukiwe na watakaokusikiliza. Amina.