Rafiki Yangu na Somo la Umajumui

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Gesima kumzika rafiki yangu wa utotoni, lakini hakuzikwa Gesima. Ngoja nikueleze, maana kifua bado kinaniuma.

Mashamba yetu yalipakana. Yeye alilelewa na bibi yake, mzaa mama. Mama yake alikuwa wa kijiji chetu. Baba yake, Mhindi mwenye duka mjini Kisii, hatukuwahi kumwona. Kabla ya shule tulichuma chai pamoja, umande ukitulowesha hadi magotini, vidole vikigeuka vyeusi kwa utomvu. Jioni bibi yake alitupakulia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu, akitugombeza kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba tunakula kama nzige. Watoto walimwita rafiki yangu Mhindi. Naye aliwarudishia matusi kwa Ekegusii kitamu kuliko chao, nami nikacheka hadi mbavu zikaniuma.

Mwalimu wetu wa shule ndiye aliyelikomesha jina hilo. Alitufundisha umajumui wa Afrika kama mtu anayehubiri.

"Mnadhani ni rangi?" aliuliza. "Wakoloni walitutukana kwa weusi wetu, ndiyo maana tuliushika tukaufanya jina la umoja. Lakini Mwafrika ni yule ambaye bara hili ndilo kwao, awe na rangi yoyote."

Akamsimamisha rafiki yangu mbele ya darasa. "Huyu ni nani?"

"Mwafrika!" tuliitikia kwa kelele. Rafiki yangu alilia huku akicheka, na hakuna aliyemwita Mhindi tena.

Alipougua aliomba jambo moja tu, azikwe kando ya kaburi la bibi yake. Kwetu mtu huzikwa katika boma la ukoo wa baba yake, kwa hiyo alipofariki wazee wakakaa kikao. Mwalimu, sasa mstaafu, ndiye mwenyekiti wao. Alisema marehemu hana egesaku, hana ukoo hapa. Apelekwe kwa watu wake.

"Watu gani, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Si Wahindi?"

"Lakini ni wewe uliyetufundisha!"

"Hayo yalikuwa ya darasa, moiseke," alinijibu kwa upole, kama vile mimi bado ni msichana mdogo. "Hili ni shamba la watu."

Tulimzika kwenye makaburi ya umma mjini, kati ya watu asiowajua. Rafiki yangu nimemlilia, na bado namlilia. Mwalimu yuko hai, nilimpita sokoni juzi akanisalimia kwa furaha, na nikaitafuta sura ya yule mtu aliyetufundisha, nisiione.