Mikono Gizani

Jina la dada yangu halitamkwi, linaonyeshwa: unaweka kidole shavuni, unakizungusha kidogo, pale pale kwenye kishimo chake cha kucheka. Walimpa viziwi wenzake chuoni na jamani, linamfaa kuliko lile la kwenye cheti! Mimi ndiye mdogo wake, na kwetu ni mimi tu ninayeongea naye kwa alama mpaka umbea. Mama anajua tatu: kula, lala, njoo. Hata wakigombana anatumia hizo hizo, ugomvi unaishia kicheko.

Chuo chao kilifungua mwaka wa maandalizi kwa viziwi na wenye usikivu hafifu. Ukifaulu unaingia shahada ya kompyuta. Basi dada akawa hali, halali, ni kompyuta tu. Na alichotengeneza, yaani, acheni! Mtu akigonga mlango, simu inasikia kwa niaba yake halafu inamulika: pa, pa, pa. Tuliujaribu mlango wa chumba chake mpaka vidole vikaota sugu. Mama akasema, "Mwanangu kaipa nyumba macho."

Ikabaki kuwaonyesha walimu watatu na kujibu maswali yao. Ndugu waliruhusiwa, kwa hiyo mimi na mama tukakaa nyuma, tumetulia kama wakwe. Chumba chenyewe madirisha yake yamebandikwa karatasi nyeusi ili picha ionekane vizuri ukutani. Mkalimani wao, kijana mrefu tunamwita Kaka Mikono, akawa anageuza alama za dada kuwa sauti. Dada alieleza vizuri mno! Mwenyekiti, mzee wa tai, akawa anaitikia kwa kichwa.

Umeme ukakatika. Giza totoro.

"Tuendelee tu," sauti ya mzee ikasema. "Swali la kwanza: simu itajuaje kwamba huo ni mlango, si nyundo ya jirani?"

Jibu nalijua! Alinieleza jikoni, mikono imejaa povu la vyombo.

"Mbona hajibu?" mzee akauliza.

"Mwalimu, haoni mikono yangu," Kaka Mikono akasema. "Tutoke nje kwenye mwanga."

"Wenzake wa darasa lingine wamejibu humu humu. Mnong'oneze."

Watu wakaangua kicheko. Dada peke yake hakujua kama kuna cha kuchekesha. Kaka Mikono akawasha tochi ya simu, sasa mkono mmoja umeshika tochi, mmoja unauliza. Swali likafika nusu. Mama naye huyo, "Jibu, mwanangu! Jibu!"

Mara mlinzi akagonga mlango, alikuja kutuambia eti umeme umekatika. Ndipo simu ya dada pale mezani ikaanza: pa, pa, pa! Chumba kizima kikawa kinawaka na kuzima. Nikamwona dada vipande vipande, mkono mmoja unaonyesha simu, mwingine unaonyesha mlango, kishimo shavuni. Kazi yake ilikuwa inajieleza yenyewe!

"Nani anachezea tochi?" mzee akafoka. "Zimeni simu zote!"

"Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yake..."

"Zimeni, nimesema."

Kaka Mikono akazima. Mtu mwingine akaifunika ya dada kwa kitabu.

Matokeo yamebandikwa jana. Hakujibu maswali, arudie mwaka. Arudie wapi sasa, na tangazo la pili hapo hapo linasema mwaka wa maandalizi umefungwa, wanafunzi ni wachache mno? Mama akamfuata kwenye korido nzima na zile alama zake tatu, njoo, kula, lala. Safari hii hakucheka mtu. Tulipofika nyumbani dada akaingia chumbani, akafunga.

Leo nimempelekea chai. Nikagonga. Mwanga ukatokea chini ya mlango: pa, pa, pa. Inafanya kazi vizuri kabisa, mashallah. Hakufungua. Nikagonga tena polepole, ikamulika tena, nikasikia kitanda kikilia, nikajua anakuja.

Nikagonga mara ya tatu. Giza.

Ameizima.